Miguu ya Matonya

Watu wa Ihumwa walikuwa wepesi wa kusamehe. Mtu angeweza kuchukua jembe lako akakaa nalo msimu mzima, ukamwachia. Ng'ombe wake wangeweza kuingia kwenye uwele wako, mkatukanana asubuhi, na jioni mkanywa pombe kwa kata moja. Ila asithubutu kusema mbele yako kwamba wanawake wa Chamwino wanajua ngoma kuliko wanawake wa Ihumwa. Hapo alikuwa amekutafuta, na angekupata.

Kila kiangazi, mavuno yakishaingia vihengeni, nchi hizo mbili zilishindana kwa muheme, ngoma ya Wagogo. Wapigaji ni wanawake. Kila mmoja anaibana ngoma yake katikati ya mapaja, anainama kidogo, na kuipiga kwa mikono mitupu huku mwili mzima ukicheza. Akida aliombwa ruhusa na akaitoa bila maneno mengi, maana alijua kwamba asipoitoa hakuna mtu ambaye angemsikiliza tena habari za kodi ya Wajerumani. Mwamuzi hakuwako. Kila nchi ilifanya duara lake, maduara yote mawili yakapiga kwa wakati mmoja, na watazamaji waliotoka Dodoma, Buigiri na kwenye kambi za reli wakaenda walikovutwa. Jua likikaribia kuzama, duara lenye watu wengi ndilo lililoshinda. Miguu tu ndiyo iliyoamua.

Na hakuna mtu aliyeipenda siku hiyo kuliko Matonya. Kwa sura alikuwa mfugaji kama wafugaji wengine, mrefu, mwenye udongo mwekundu nyweleni na maneno mengi mdomoni. Lakini masikio yake yalikuwa na sifa. Alikuwa akisimama malishoni na kusema, huko mbali anayepiga ni fulani, na leo mkono wake wa kushoto unauma. Tena mkewe ndiye aliyekuwa na ngoma ya kwanza ya Ihumwa. Mama Nyemo alikuwa na pigo lake ambalo hakuna mwingine aliyelijua. Ngoma ikishachemka, wachezaji wamejisahau, yeye alikuwa akiacha pigo moja lisipigwe. Mguu wako umeshauinua, unangoja, ngoma haiji, moyo unakupaa, ndipo anapolishusha. Watu waliliita pigo la kungoja, na kwa pigo hilo Ihumwa ilikuwa imeishinda Chamwino mpaka watoto wa Chamwino wakadhani kushindwa ni desturi yao.

Binti yao, Nyemo, alijifunza pigo hilo tangu hajaota meno ya pili. Alipokua akapewa ngoma ya pili, kando ya mama yake, na mwaka wa mwisho kabla ya kuolewa mtu alihitaji masikio ya Matonya kujua ni mama anayepiga au ni mwana. Matonya alikuwa akisimama nyuma yao mikono kiunoni, amejaa fahari hadi kooni, akimwambia kila apitaye kwamba hao wote wawili wanalala nyumbani kwake.

Mashabiki wa Ihumwa walikutana barazani kwa Bashiri, karibu na njia ya reli iliyokuwa imepita pale si zamani sana. Bashiri alikuwa Mrangi wa Kondoa, akiuza chumvi, shanga na kaniki, na kununua ngozi. Kwa kuwa yeye na Wagogo walikuwa watani, alikuwa na ruhusa ya kumtukana yeyote, na ruhusa hiyo hakuiacha ilale. Penye mlango wake palikuwa na bunda la ngozi zilizofungwa tayari kwa safari, na juu ya bunda hilo ndipo alipokaa Matonya. Bunda liliuzwa, likaja jingine, lakini mkaaji alikuwa yuleyule. Wengine walikaa chini.

Kisha ikawa kwamba kiangazi kile cha mwisho kijana mmoja wa Chamwino, akiwa amesimama kwenye duara la kwao na kushindwa pamoja nao, alimtazama Nyemo akipiga, asiweze tena kutazama kitu kingine. Wazee wake walikuja na ng'ombe wazuri. Nyemo alipoulizwa alitazama chini akicheka, na baba yake aliyajua macheko hayo. Matonya akakubali. Alifikiri kama baba, na ushabiki siku hiyo aliusahau nyumbani kwa Bashiri.

Siku aliyorudi barazani baada ya harusi, alimkuta Malugu amekaa juu ya bunda lake.

"Hapo ni pangu," Matonya akasema.

"Hapa wanakaa watu wa Ihumwa," akajibu Malugu. Alikuwa mtu mnene, mpole kwa kila jambo isipokuwa ngoma.

"Na mimi ni mtu wa wapi?"

"Waulize ng'ombe wako. Wao wanajua walikotoka."

"Mwacheni," Bashiri akadakia kutoka ndani. "Mgogo akionyeshwa ng'ombe mwenye nundu nzuri husahau hata jina la mama yake. Mlitaka afanye nini?"

Watu wakacheka, kwa kuwa mtani ndiye aliyesema. Matonya hakucheka. Akasimama ukingoni mwa baraza, nusu kivulini na nusu juani, na hapo ndipo pakawa pahali pake muda wote wa mvua. Nyumbani alikuwa na ng'ombe waliomstahili mtu mkubwa, lakini kila alipowatazama aliwaona wamekaa juu ya bunda la ngozi. Ilimuuma sana, na hakuwa na wa kumwambia.

Uwele ulipoanza kukomaa na watoto kushinda mashambani wakifukuza ndege, mazungumzo yakapamba moto.

"Mwaka huu tumekwisha," alisema Sila. Huyu alikuwa kijana aliyebatizwa Buigiri na kufanya kazi ya kutandika reli, kwa hiyo kila neno lake alilitoa kama aliyelisoma mahali. "Ngoma ya kwanza tunaye Mama Nyemo, sawa. Ya pili nani?"

"Yuko binti yangu," akasema Malugu.

"Binti yako anapiga ngoma kama anatwanga."

"Anatwanga vizuri!"

"Anatwanga vizuri, mzee wangu, unga wake tumeula. Lakini ngoma?"

"Mpe muda. Mama Nyemo anamfundisha. Mkono wake mzito, lakini haukosei."

"Na Chamwino wana nani?" akauliza mtu mmoja aliyekaa nyuma.

Wote walijua Chamwino wana nani. Vichwa vikageuka taratibu kuelekea ukingoni mwa baraza, na Matonya akajifanya anaangalia mbuzi.

Bashiri ndiye aliyeleta habari. Alirudi kutoka Chamwino na punda zake, akashusha ngozi, akanywa maji, na kabla hajafuta mdomo akamwita Matonya.

"Binti yako nimemwona. Mzima, amenawiri. Anakula udongo wa kichuguu kama watu wanavyokula karanga."

Kila mwanaume pale alielewa. Wakaanza kuhesabu kwa vidole, wengine mbele, wengine nyuma, wakigombana kuhusu miezi. Sila ndiye aliyemaliza kwanza, akaruka wima.

"Mimba ya kwanza! Mtoto wa kwanza anazaliwa wapi?"

"Kwa mama wa binti," wakajibu.

"Na mama wa binti yuko wapi?"

"Hapa!"

"Basi kiangazi Nyemo atakuwa hapa! Atakuja kungojea kujifungua, na aliye nyumbani kwa mama yake anapiga ngoma upande wa mama yake. Chamwino wametoa ng'ombe, wametoa na mpigaji!"

Baraza likalipuka. Watu walikumbatiana, Bashiri akatoa tumbaku bila kuombwa, jambo ambalo halikuwa limewahi kuonekana. Malugu akainuka pole pole kutoka kwenye bunda, akalipangusa kwa mkono wake.

"Kaa, Baba Nyemo," akasema. "Utachoka bure kusimama."

Matonya akakaa. Ngozi ilikuwa bado na joto la Malugu. Moyo wake ukajaa hata akajisikia kulia, na kwa kuwa hakutaka kulia akajisifu.

"Mlidhani nilimtoa mwanangu bila kufikiri?" akasema. "Mimi nilihesabu kila kitu."

Ulikuwa uongo mtupu, na yeye mwenyewe ulimchoma kidogo ulipokuwa ukitoka.

Jioni alimweleza mkewe. Mama Nyemo alikuwa akipepeta. Aliusimamisha ungo, akamtazama mumewe kwa muda.

"Mmekubaliana wote?"

"Wote."

"Na Malugu, mwenye wake wawili na watoto uwanja mzima?"

"Malugu ameniachia kiti."

"Vizuri," akasema Mama Nyemo, akarudi kupepeta. Ungo ulikuwa ukitetemeka mikononi mwake, na Matonya akaona kuwa mwenzake naye amejawa na furaha.

Habari kama hiyo isingekaa ndani. Sila alifunga safari hadi Chamwino, akasimama penye visima vyao, akawatangazia kwamba msimu huu wasijisumbue, Nyemo anarudi kwao na ngoma yake inamsubiri. Wanawake waliokuwa wakiteka maji wakaangaliana, kisha wakacheka, mmoja akacheka mpaka akatua mtungi asije akauvunja. Sila akarudi kueleza kwamba Chamwino wamepata hofu, wanacheka ovyo kama watu waliochanganyikiwa. Barazani wakaona ni dalili njema kabisa.

Nyemo alikuja mtama ulipokwisha kuvunwa, pamoja na shangazi wa mumewe. Wanaume wa Ihumwa walijipanga njiani kumpokea kama wanavyompokea mtu aliyetoka vitani. Alikuwa akitembea taratibu, mkono mmoja kiunoni, na tumbo limemtangulia.

"Mbukwa, baba," akamwamkia Matonya.

"Mbukwa, mwanangu."

"Ngoma iletwe!" Malugu akapiga kelele. "Aonje kidogo tu, tusikie!"

Matonya akamtazama mkewe. Mama Nyemo alikuwa amesimama na wanawake wenzake, amefunga mikono kifuani. "Mpeni basi," akasema kwa upole.

Ngoma ikaletwa. Nyemo akaipokea, akaitazama, akawatazama wanaume wote wale waliokodoa macho. Kisha, kwa heshima tu, akajaribu. Alitanua miguu, akaishusha ngoma, na mdomo wa ngoma ukagota tumboni. Akaisogeza mbele, ikamponyoka. Akaiinamisha upande, mapaja hayakukutana. Mtoto alikuwa amekwishakaa mahali pa ngoma.

Halafu wanawake wakashindwa kujizuia tena. Walicheka wakishikana mabega, shangazi wa Chamwino akakaa chini kabisa, na Mama Nyemo machozi yakamtoka kwa kicheko alichokibana tangu siku ya ungo.

"Wanaume wa Ihumwa!" akasema alipopata pumzi. "Ng'ombe akishika mimba mnajua mpaka siku atakayozaa, mnajua hata aachishwe njia ipi ya kwenda majini. Mwanamke je? Mlidhani tumbo analiacha kwa mumewe?"

Kesho yake Malugu alikuwa juu ya bunda. Kila mtu barazani alikuwa ameshasahau nani alianzisha hesabu ile, na wote walikumbuka ni nani aliyesema, mimi nilihesabu kila kitu.

"Kwanza ulituuza," Malugu akamwambia. "Sasa umetutia aibu. Chamwino wanatuimbia huko visimani kwao. Siku ya ngoma si ajabu tukakuona umesimama na wakwe zako, ukila mafuta."

Hasira zikampanda Matonya. Akaingia katikati ya baraza, mbele ya wote, akapiga mguu chini.

"Mnaiona miguu hii? Siku ya ngoma haitatoka kwenye duara la Ihumwa hata nchi ipasuke. Ikitoka, nisikanyage tena hapa, na Bashiri asinunue ngozi zangu."

"Mimi nisinunue ngozi?" Bashiri akasema. "Mtani, apa kwa mali yako, yangu iache."

Lakini safari hii hata utani haukumsaidia. "Tutaiangalia hiyo miguu," akasema Malugu.

Siku zile za kungoja, Nyemo alikaa kivulini nyumbani kwa mama yake, na jioni baba yake alikuja kukaa karibu naye. Mara moja alimuuliza habari za Chamwino, wana nguvu gani, nani anashika ngoma ya kwanza.

"Utasikia, baba," akasema Nyemo.

"Wewe siku hizi ni wa wapi?"

Nyemo alifikiri. "Hapa nimezaliwa, kule nimeolewa," akasema. "Mikono ni hii hii." Matonya hakuelewa, lakini alipenda kumsikiliza.

Siku ya ngoma vumbi lilionekana tangu asubuhi. Watu walifika kwa makundi, miili iking'aa kwa mafuta na udongo mwekundu, njuga miguuni. Watu wa reli walikuja na kofia zao, na askari wawili wa boma walisimama pembeni kana kwamba wametumwa, ilhali kila mtu alijua wameomba ruhusa. Duara la Ihumwa likafanywa upande wa reli, la Chamwino upande wa vichuguu, na kati yao uwanja mtupu.

Ihumwa walianza vizuri kupita matumaini ya mashabiki wao. Mama Nyemo alikuwa moto. Binti wa Malugu, yule wa kutwanga, alikuja na mkono wake mzito usiokosea, na uzito ule ukawa kama udongo wa kusimamia nyumba. Malugu alikuwa akimshika kila mtu bega, "Mnamsikia? Mnamsikia mwanangu?" Watu wakamiminika upande wao. Matonya alisimama mahali pake nyuma ya mkewe, miguu ameikita kabisa, na Nyemo amekaa karibu naye juu ya ngozi. Akaanza kuamini kwamba mambo yatanyooka.

Mama Nyemo akaacha pigo. Miguu yote ya Ihumwa ikangoja hewani, akalishusha, watu wakanguruma kwa furaha. Na kabla ngurumo haijaisha, Matonya akasikia kimya kingine. Kilitoka ng'ambo. Ngoma za Chamwino zilikuwa zimeruka pigo moja, mahali palepale panapotakiwa, kwa urefu uleule. Mguu wake ukainuka wenyewe ukangoja. Pigo likashuka upande wa vichuguu, na mwili mzima ukamsisimka.

Aligeuka kumtazama Nyemo. Alikuwa amekaa, mikono juu ya magoti, na vidole vyake vilikuwa vinapiga pamoja na ng'ambo.

"Ni nani yule?" Matonya akauliza.

"Ni wifi yangu mdogo," akasema Nyemo. "Wakati wa mvua ngoma zimewekwa, nilimfundisha ndani, tukipiga kinu tulichokipindua. Kila siku, baba. Alikuwa akilia, na mimi namwambia ngoja, usilishushe, ngoja. Kama mama alivyokuwa akiniambia mimi."

Watu walikuwa wameanza kuondoka. Kwanza wale wa reli, kisha wale wa Buigiri, wakivuka uwanja mtupu kwa vikundi. Mama Nyemo alizidisha, jasho likimtiririka, lakini ng'ambo mkono ulikuwa mchanga na una njaa.

"Baba," akasema Nyemo, "nataka nikamwone. Sijawahi kumwona akipiga mbele za watu. Peke yangu siwezi kupita katika msongamano ule na tumbo hili. Nishike mkono."

Matonya akaitazama miguu yake. Akamwona Malugu akiitazama pia. Sila naye, na wengine, kana kwamba miguu ile ilikuwa ya nchi nzima. Aliogopa, na hakujidanganya kwamba haogopi. Alijua kwamba akivuka uwanja ule barazani kwa Bashiri hana kurudi, na jina la aliyeuza ngoma litakuwa lake hadi kaburini. Angeweza kumwita shangazi wa Chamwino amshike. Angeweza kusema, ngoja kidogo, mwanangu, watu wapungue.

Lakini ng'ambo pigo likaachwa tena, na katika kimya kile kifupi Matonya akasikia kitu ambacho masikio yake hayakuwahi kukosea. Ilikuwa nyumba yake. Ilikuwa jioni zake zote, mkewe akimshika Nyemo viganja na kumwambia ngoja. Pigo likashuka, naye akawa na fahari ambayo hakuijua hata miaka ya ushindi. Akainama, akampa binti yake mkono, akamwinua.

"Baba Nyemo anahama!" Sila akapiga ukelele.

Wakazomea. Matonya alitembea hatua kwa hatua za mjamzito, hakuna namna ya kwenda haraka, akizomewa na watu aliowapenda kuliko wote. Kichwa hakukiinamisha. Walipofika duara la Chamwino watu wakawapisha, na yule wifi, binti mwembamba mwenye macho makali, alimwona Nyemo na akaongeza moto. Watu wakashangilia, "Chamwino! Chamwino!"

Hapo Matonya hakuvumilia. Aliingia katikati ya duara, akainua mikono yote miwili.

"Mnashangilia nini nanyi hamkijui?" akapaza sauti mpaka askari wakageuka. "Hiyo mnayoichezea ni ngoma ya Ihumwa! Amemfundisha binti yangu huyu hapa, na binti yangu amefundishwa na mama yake, yule pale! Chezeni, chezeni mpaka usiku, lakini mjue mnacheza ya nani!"

Ngoma zikanyamaza. Mzee mmoja wa Chamwino alifungua kinywa ajibu, kisha akamwangalia yule binti mwembamba. Binti aliichomoa ngoma mapajani, akaibeba, akauvuka uwanja mtupu peke yake huku nchi mbili zikimtazama. Akafika mbele ya Mama Nyemo, akapiga magoti, akaiweka ngoma miguuni pake.

Mama Nyemo alimtazama. Jasho lilikuwa likimdondoka kidevuni. Akaichukua ngoma ile, akaipiga mara moja kwa kiganja kuisikiliza, akampa.

"Rudi ukapige," akasema. "Jua bado liko. Na mimi sijamaliza na wewe."

Vigelegele vilivyopigwa hapo vilitoka pande zote mbili.

Jua lilipofika vilimani, duara la Chamwino lilikuwa kubwa zaidi. Hakuna aliyebisha, kila mtu aliona. Chamwino walirudi kwao wakiimba, na Ihumwa wakaenda makwao wakiwa wamenyamaza.

"Uliondoka," Mama Nyemo akamwambia mumewe wakiwa nyumbani.

"Niliondoka."

"Ningekuona umekaa na mtoto anataka mkono, ugali wangu ungeusikia kwa jirani." Akacheka kwa uchovu, akaomba apakwe mafuta viganjani.

Matonya hakwenda kwa Bashiri. Alikuwa ameapa. Alichunga ng'ombe wake mwenyewe, akapita mbali na reli. Lakini uchungu ulipomshika Nyemo, wanawake walimfukuza nyumbani, malishoni akachoka kuzungukazunguka, na miguu ile isiyo na adabu ikamfikisha karibu na baraza. Akasimama nyuma ya nyumba ya Bashiri asionekane. Barazani kelele zilikuwa zilezile.

"Nasema tulishinda maduara yote mawili!" Sila alikuwa akisema. "Duara letu lilipiga kwa mkono wa Mama Nyemo. Duara lao lilipiga kwa mkono wa nani? Wa Mama Nyemo! Watu wote waliokuja siku ile waliangalia Ihumwa tu."

"Pigo lao wenyewe hawakulipiga hata moja," akasema Malugu. "Na binti alipiga magoti. Dodoma yote inazungumza hilo, siyo habari ya kuhesabu watu."

"Lakini mlishindwa," akasema Bashiri.

"Tulishindwa, ndiyo."

"Na nani?"

"Na sisi wenyewe," akasema Malugu. "Nani mwingine angetuweza?"

Wakati huohuo vigelegele vikasikika kutoka nyumbani kwa Matonya, vikarudiwa, na mwanamke mmoja akaja mbio akipiga kelele kwamba ni msichana, wote wazima. Matonya akajisahau, akatokeza mbele ya baraza akicheka na kulia kwa pamoja.

Wakamwona. Mazungumzo yakakatika, kisha yakaanza upya kwa kishindo. Amezaliwa Ihumwa, akasema Sila, kwa hiyo ni wa Ihumwa. Baba yake wa Chamwino, akasema mwingine. Mikono je, mikono amechukua ya nani? Bashiri akauliza kama wanajua kwamba mtoto bado hajafungua macho, lakini wao wakaendelea kubishana.

Matonya alibaki amesimama juani, penye ukingo wake wa zamani. Malugu akamtazama kwa muda mrefu, akaitazama na miguu yake.

"Ilitoka," akasema Malugu.

"Ilitoka," akakubali Matonya.

Malugu akainuka kutoka kwenye bunda la ngozi, akalipangusa kwa mkono, akakaa chini pamoja na wengine.

"Angekuwa wangu yule aliyekushika mkono," akasema, "mimi ningekimbia. Kaa, Baba Nyemo. Kaa utuambie, mtoto ana vidole virefu?"